Mtoto Alikuwa Ameinua Mkono

Nasra tulimzika Alhamisi. Wanaume walikwenda naye makaburini Kinondoni, sie wanawake tukabaki Magomeni nyumbani kwa mwanawe, tumebanana mkekani, na mie Mkristo nimejifunga khanga kichwani kama wenzangu, naitikia dua ambazo maneno yake siyajui lakini sauti zake nimezizoea kwa umri wote huu wa kuishi na watu hawa. Magoti yalikuwa yananiuma, nikawa nageukia huku, nageukia kule, mpaka aliyekaa ubavuni mwangu akaniuliza kama nataka kiti. Nikamwambia sitaki. Sijawahi kuwa mtu wa kukaa mahali nikatulia, na uzee haujanifundisha. Baadaye mjukuu mmoja wa marehemu, binti mzuri anayesoma chuo kikuu, akaja na birika la chai, akaniamkia, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, samahani, wewe na bibi yetu mlikuwa nani kwa nani?"  Nikamwambia, "Tulisoma kozi pamoja." Akauliza kozi ya nini. Nikasema ya Historia, ya walimu. Akatabasamu vile vijana wanavyotabasamu wakiona mzee amechoka, akasogea kummiminia mwingine.

Kozi pamoja, eti. Nimerudi kwangu Mbagala na maneno hayo yananikera mpaka leo. Naanza kufua, naacha. Naweka maharage jikoni, nayasahau, yanaungua. Nimejitetea mwenyewe chumbani kwa sauti, mwanangu akaja kuchungulia naongea na nani. Kwa hiyo naandika. Habari za kwetu, za baba na mama na misheni iliyonisomesha, naziacha. Kila mzee anayeandika huanza na hizo, msomaji akasinzia kabla hajafikishwa mjini. Mie naanzia Temeke, mwaka ule uliofuata Azimio la Arusha, wakati kila wiki kulikuwa na watu wanaotembea kwa miguu kutoka mahali fulani kwenda mahali fulani kuunga mkono, na mie nikiwaona wanapita nilikuwa nawaonea wivu, kwa sababu wao angalau walikuwa wanakwenda.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, ukumbi umepita katikati, vyumba huku na huku, uani choo, bafu la makuti na mahali pa kupikia. Chumbani nilikuwa na kitanda cha kamba, meza, sanduku la bati, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Chumba kilinuka mafuta ya taa, nguo zangu zikanuka mafuta ya taa, na nadhani hata chaki zangu. Kuta za ndani hazikufika juu, kwa hiyo maneno ya kila chumba yalikuwa mali ya nyumba nzima. Chumba cha pili alikaa kuli wa bandarini na mkewe, na jioni nikisonga ugali wangu wa dagaa ningewasikia wanataifisha mji. Mume anasema benki zimekwenda, viwanda vya kusaga vimekwenda, sasa bado maduka. Mke anamuuliza, na hili la Mwarabu hapo kona? Mume anasema nalo. Mke anacheka, anasema lile watachukua nini, viberiti? Nami nilikuwa nacheka kimoyomoyo, halafu ugali unanikwama, kwa maana duka lile la kona lilikuwa la ami yake Nasra, na Nasra ndiye alikuwa rafiki yangu wa pekee Temeke nzima.

Tulifundisha shule moja, darasa la sita wote wawili, yeye mkondo wa A, mie mkondo wa B. Asubuhi tunafundisha, mchana tunakwenda na watoto kulima shamba la muhogo la shule, maana elimu sasa ilikuwa ya kujitegemea. Mie nilikuwa nimetoka kusini, kule Masasi, na masista walikuwa wamenifundisha kulima hata kabla ya kusoma, kwa hiyo jembe halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kuona maisha yangu yote yameshapangwa: kengele, ubao, muhogo, ugali, kengele. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo na nilikuwa nimechoka. Nilitaka kuondoka. Ukiniuliza kwenda wapi, nisingekuambia.

Ndipo ikaja kozi. Walimu wote wa Historia na Siasa wa shule za msingi za upande wetu tuliagizwa kukutana kila Jumamosi asubuhi, Chang'ombe, kwenye shule moja iliyokuwa na vyumba vikubwa. Sababu ilikuwa ya wazi. Vitabu tulivyokuwa tukifundishia vilianza na Mzungu anayegundua ziwa ambalo watu walikuwa wanavua samaki ndani yake, tukaambiwa tuviweke chini. Vitabu vipya vilikuwa bado havijachapwa. Kwa hiyo katikati hapo tulikuwa na ubao, chaki na akili zetu, na tulitakiwa tujifunze upya kufundisha kitu ambacho hakuna aliyetufundisha sisi. Mkufunzi wetu alikuwa Bwana Lugano, mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, Kiswahili chake kina milima ndani yake. Alikuwa na mtindo mmoja ambao sijauona kwa mkufunzi mwingine. Kila Jumamosi mmoja wetu alifundisha somo la mfano, na sisi wengine tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, tukawa watoto. Hakutania. Ukishaketi pale wewe ni mtoto wa darasa la sita mpaka kengele ilie, na aliyeruhusiwa kuipiga kengele ile ndogo ya mkononi, iliyokaa mezani, ni mwalimu wa siku hiyo tu. Unajibu kama mtoto, unakosea kama mtoto, unauliza anachouliza mtoto. Mwalimu aliyezoea kusifiwa kwa majibu sahihi anapata taabu sana kukosea, nawaambia.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa salamu. Mwalimu wa siku akiingia, darasa zima linasimama na kusema, "Shikamoo mwalimu." Sasa fikiria, kulikuwa na mzee mmoja mwenye mvi, ambaye alikuwa anafundisha wakati mie sijazaliwa, na siku ya zamu ya binti mdogo ilimbidi asimame amwamkie. Jumamosi ya kwanza alisimama, midomo ikakataa. Bwana Lugano akasubiri. Tukasubiri wote. Yule mzee akaitoa shikamoo yake polepole, na binti aliyekuwa anafundisha akaitikia marahaba huku machozi yanamlengalenga kwa aibu. Baada ya hapo tulizoea, tukawa watoto kwelikweli. Bingwa wetu alikuwa Kasiani, mwalimu wa Keko, mtu wa kwetu kusini pia, kijana wa matani. Kasiani akikaa dawatini alikuwa anabadilika mpaka sura. Anachora kwenye meza, anamfinya mwenzake, halafu katikati ya utundu wake anauliza swali moja la kitoto linalomfanya mwalimu atafute pa kujificha. Wote tulimpenda na wote tulimwogopa.

Katikati ya mwaka Bwana Lugano akatuambia kwamba mmoja katika kundi letu atachaguliwa kwenda chuo cha bara, mwaka mzima, akasomee ukufunzi. Mmoja tu. Mkaguzi atakuja kuangalia masomo ya mfano ya mwisho, na wao wawili watapatana. Sikusikia lingine lililosemwa siku ile. Nilirudi Temeke kwa miguu, nimelipita duka, nimeipita nyumba yangu, nikajikuta karibu na shamba la muhogo la shule nasimama peke yangu kama mwenda wazimu. Nafasi ile niliitaka. Nilikuwa nalala naiona baridi ya huko, naona sweta, naona chumba kisichonuka mafuta ya taa. Nikawa siwezi kumaliza kula, siwezi kumaliza kitabu, nasahihisha madaftari nimesimama.

Nasra naye aliitaka. Hakunificha. Kwake ilikuwa jambo la kubaki au kufukuzwa, ingawa neno kufukuzwa hakuna aliyelitamka. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, na mchana wa Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nakwenda kula kwao: wali wa nazi, mchuzi wa papa, bilimbi za kuchacha, na kahawa chungu aliyoimimina Ami Seif mwenyewe. Ami alikuwa na adabu zake, akiniita mwalimu, akiniuliza habari za wazee wangu. Lakini Jumapili moja nilifika mapema, nikiwa bado ukumbini namsikia ndani anamwambia Nasra, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, "Unakwenda kuwafundisha watoto wa watu watuchukie. Hiyo ndiyo kazi niliyokusomeshea?"  Ami akaendelea kwamba kule Tanga kuna kijana wa ukoo wao, ana duka, ana adabu, na mwalimu wa Historia hapati mume kila siku. Nikatoka nje nikaingia tena kwa kishindo, nikapiga hodi. Tukala. Nasra alinipakulia mnofu wa papa, akaniambia kwa chini, "Umesikia, usijifanye." Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Nikienda chuo, nakuwa mtu wa serikali. Mtu wa serikali hapelekwi Tanga." Basi tulikuwa wawili tunaoitaka nafasi moja, tukila sinia moja, na sijui kwa nini hatukuchukiana. Labda tulikuwa hatuna muda.

Bwana Lugano alikunja vikaratasi akavitia kwenye kofia yake, kila mtu achukue somo lake la mwisho. Mie nikatoa changu, nikakifungua: biashara ya utumwa. Nikakikunja tena. Nilimwendea nikamwomba nibadilishe, nikasema lolote, hata kilimo cha mkonge. Alinitazama, akaniuliza kama nikifika darasani kwangu nitawaomba watoto wabadilishe. Niliporudi nikamwambia Nasra, nikidhani atanihurumia. Yeye akaosha mikono, akaketi nami kwenye kibaraza cha uani kwao, akataka nimwonyeshe nilivyopanga. Tukapanga pamoja, mchana kutwa, huku shangazi yake anaanika pilipili. Nilipofika kwenye wanunuzi wa pwani sauti ikaanza kunipungua. Nasra akasema, "Fundisha kama ilivyokuwa. Ukifika hapo usinitazame, halafu usiache kunitazama." Nikamuuliza hilo linawezekanaje. Akasema, "Wewe ndiye mwalimu, mie siku hiyo ni mtoto."

Jumamosi ikafika. Mkaguzi alikaa nyuma, kimya, miguu ameikunja. Niliingia, wakasimama, wakaniamkia wote, na yule mzee wa mvi alinipa shikamoo safi kabisa. Nilikuwa nimechora ubaoni ramani ya nchi, ziwa huku, bahari huku, na njia za misafara zinashuka mpaka Bagamoyo na Kilwa. Nilifundisha vizuri. Nasema hivyo bila haya, nilifundisha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu mpaka hapo. Niliwatembeza. Niliwaonyesha pembe begani na mnyororo shingoni, niliwauliza wangebeba nini na wangeacha nini. Nilisema watu walikamatwa, nikapita hapo haraka kidogo, nikafika pwani, nikasema walinunuliwa na nani na kupelekwa wapi. Nilimtazama Nasra na sikumtazama. Alikuwa dawati la tatu dirishani, mikono juu ya meza, mtoto mwema kabisa. Nikauliza kama kuna swali. Kasiani alikuwa anakwaruza dawati kwa ukucha. Hakuacha kukwaruza. Akasema kwa sauti ile yake ya kitoto, "Mwalimu, kwa hiyo babu yake Nasra ndiye aliyemnunua bibi yangu?"

Kuna kicheko ambacho darasa hucheka kabla halijajua linacheka nini. Kikatoka, kikakatika. Hakuna aliyegeuka, na kila mtu alikuwa anamtazama Nasra kwa pembe ya jicho. Nilimwona Nasra ananyoosha mkono. Aliuinua juu kabisa, kidole mbele, vile watoto wetu wanavyoinua wakiwa wanalijua jibu na wanaogopa ataitwa mwingine. Nilimwona, nataka hilo lieleweke, si kwamba sikumwona. Nikaichukua kengele mezani nikaipiga.

Watu wakaanza kusimama, kunyoosha miguu, kukohoa, kuwa watu wazima. Bwana Lugano hakusimama. Akaniambia, "Kipindi kimekwisha mapema, Mwalimu Otilia." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mtoto alikuwa ameinua mkono."  Mkaguzi alifunga kalamu yake.

Nasra alikuwa ameshatoka. Nilimkimbilia mpaka kwenye mikorosho iliyokuwa njiani kuelekea Temeke siku zile, nikamshika mkono, akauchomoa. Sijawahi kumwona vile. Nikamwambia pole, Kasiani hana akili. Akasema Kasiani ameuliza swali zuri. "Wewe ndiye umeninyamazisha. Mie sikwenda pale kufichwa, Oti." Nikamwambia nilikuwa namlinda. Akasema, "Nilikuomba?" Hapo na mie nikapandwa na hasira. Nikamwambia nafasi yangu nimeitupa pale mezani kwa ajili yake, mbele ya mkaguzi, kitu nilichokililia nusu mwaka, na yeye ananijia na "Nilikuomba?" Akanitazama, akapoa ghafla, na kupoa kwake kukanitisha kuliko ukali. "Hukunilinda mie. Uliogopa nitakachosema, kwa sababu baada yangu wangekugeukia wewe." Nikamuuliza wanigeukie mie kwa lipi, mie mtu wa Masasi, sisi ndio tuliouzwa. Akasema, "Una hakika?" Akaenda zake.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuifikiria kengele ile, na nitasema ninavyoona: ningeipiga tena. Wanaosoma wakiwa wametulia kwenye viti vyao watasema ningemwacha ajibu. Wao hawakuwepo. Hawakuusikia ule ukimya, mwaka ule, mji ule, na duka la kona lile ambalo watu walikuwa wanalihesabia siku. Nilimpenda, nikapiga. Nasra alikuwa na haki ya kukasirika na mie nilikuwa na haki ya kupiga, na mambo hayo mawili nimeishi nayo bila kuyapatanisha. Tulipozeeka tuliyazungumza mara moja tu, hospitalini, akiwa na mpira wa dripu mkononi, akaniambia, "Bado unajiona ulikuwa sawa." Nikamwambia bado. Akacheka mpaka muuguzi akaja.

Nafasi alipewa Kasiani. Ndiyo, huyo huyo. Bwana Lugano alisema mbele yetu sote kwamba mwalimu anayejua mtoto atauliza nini ameshafika nusu ya njia, na sikuweza hata kusema ameonewa mtu. Kasiani alikuja chumbani kwangu kuniaga, amevaa sweta tayari kwa joto lile la Temeke, akawa anazungukazunguka mlangoni. Akasema kweli hakukusudia kumuumiza Nasra. Akasema bibi yake kweli aliuzwa, Kilwa, na kwamba swali lile alikuwa nalo tangu akiwa na umri wa watoto wa darasa la sita, na hakuwahi kupata mwalimu wa kumuuliza. Nikampa chai. Ningemchukia kama angenipa nafasi ya kumchukia.

Na Nasra hakusema na mimi. Wiki zikapita. Darasa lake na langu yalitenganishwa na ukuta wa mbao, mbao zenyewe zimepishana, na juu uwazi mtupu mpaka kwenye bati, kwa hiyo nilimsikia siku nzima anafundisha hesabu, anafundisha nyimbo, anamwambia mtoto apenge kamasi, na kengele ikilia anapita mbele yangu kama anapita nguzo. Jumapili nilikuwa nazunguka. Natoka kanisani nashuka mpaka Keko, mpaka Kariakoo, nanunua ndizi za kuchoma sizitaki, narudi. Kule kwa kuli na mkewe walikuwa wamehamia kwenye habari mpya: mwenye duka wa kona anampeleka binti wa nduguye Tanga. Mke akasema masikini, mwalimu yule. Mume akasema afadhali aende. Niligonga ukuta kwa mwiko, wakanyamaza, na mie nikakaa kitandani nikalia kwa hasira, maana lile lilikuwa jambo langu na sikuwa na pa kulisemea.

Kisha wiki moja ya mwisho mwisho wa muhula tukafika wote wawili kwenye somo lile. Lilikuwa kwenye mpango wa kazi, hapakuwa na kukwepa. Mie nilikuwa nimewapa watoto wangu kuchora ramani, kwa makusudi, ili wasiulize kitu. Wameinama, wanachora, kimya. Kwa hiyo darasa zima la B tulimsikia Nasra upande wa pili wa mbao anafundisha misafara, kwa maneno tuliyoyapanga pamoja kwenye kibaraza cha uani kwao, pembe begani, mnyororo shingoni. Alifika pwani, hakupunguza sauti. Akauliza kama kuna swali.  Halafu mtoto, mtoto wa kweli, sauti nyembamba bila ubaya wowote, akauliza, "Mwalimu, na nyie Waarabu mlikuwa mnauza watu?"

Watoto wangu waliacha kuchora. Mie nilisimama nimeshika meza. Nasra akasema, "Ndiyo. Babu yangu alinunua watu. Mmoja katika hao aliowanunua alikuwa msichana kutoka huko bara, jina lake la kwao hatulijui, na huyo ndiye bibi yangu, mama wa baba yangu. Mie ni mjukuu wa aliyenunua na mjukuu wa aliyenunuliwa. Nikiwaambieni habari hizi, nasema habari za kwetu."  Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida ya mwalimu, "Swali lingine?"

 Kisha msichana wa dawati la mbele, darasani kwangu, aliyekuwa hata hajaweka penseli chini, akainua mkono. Nilimwona vizuri. Nikamwambia, uliza. Akauliza, "Na bibi yako wewe, mwalimu?"

Nilikuwa na la kumjibu, lile lile nililompa Nasra njiani kwenye mikorosho, kwamba sisi ndio tuliouzwa. Likafika kwenye ulimi likagoma. Kwa nini nilipita haraka pale kwenye kukamatwa, Chang'ombe, mbele ya mkaguzi? Nani aliwakamata? Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa haliulizwi, na mie mwalimu wa Historia sikuwahi kujishangaa kwa nini haliulizwi. Nikamwambia mtoto yule, "Sijui. Sijawahi kuuliza." Nilisema kwa sauti, kwa maana vinginevyo ningelia. Akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini.

Mapumziko yalipofika Nasra alikuwa kibarazani, anapangusa chaki kwenye khanga. Sikuwa nimepanga cha kumwambia. Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Najua. Nilipaza sauti makusudi." Akaendelea kupangusa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata. Akaniambia jana yake alimwambia Ami kwamba hendi Tanga, na Ami alimimina tu kahawa, na kwamba hajui kesho itakuwaje. Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Na mie nimekusikia," akasema. "Nenda basi kaulize."

Shule zilipofungwa nikapanda basi la kusini, mie niliyekaa miezi yote ile nikililia baridi ya bara, nikalala njiani, nikavuka Rufiji kwa kivuko, nikafika Masasi na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Nilimwamkia, nikanawa uso, sikungoja hata maji ya kunywa. Nikamuuliza bibi zangu walikuwa akina nani wakati wa misafara. Ungo ulisimama mikononi mwake. Alitazama kwanza kama baba yuko karibu.

"Upande wangu tuliuzwa," akasema. "Upande wa baba yako..." Akaweka ungo chini. "Keti kwanza, mwanangu."